Mama mjamzito ana alama mwilini, anasema aligongwa na mlango, na mume ndiye anayejibu: muuguzi afanye nini?

Swali

Habari yako Matroni. Mimi ni muuguzi katika zahanati ya serikali huku Nyando, Kaunti ya Kisumu. Tuko wauguzi wawili tu. Kuna mama mwenye mimba ya miezi sita ambaye huja kliniki akiandamana na mume wake. Mara ya kwanza jicho lilikuwa limevimba, akasema aligongwa na mlango. Wiki iliyopita alikuwa na alama kwenye mkono, na alikuwa akishikashika shingo akisema koo linamuuma. Maswali yote mume ndiye aliyeyajibu. Nilipomwambia inchaji wetu, yaani msimamizi wa zahanati, alisema nimtibu niachane na mambo ya nyumba za watu. Nimuulize au ninyamaze? Na akikubali kwamba anapigwa, nitafanya nini na mimi si polisi?

Jibu

Muulize, dada. Lakini usimuulize mume akiwa karibu, na kabla hata ya swali lenyewe, tazama hilo koo.

Naanza na koo kwa sababu katika barua yako yote ndilo lililonishtua zaidi. Jicho lililovimba kila mtu analiona. Shingo iliyokabwa mara nyingi haionyeshi kitu, hasa kwenye ngozi nyeusi, na mama akisema koo linauma wengi wetu tunampa dawa ya tonsili aende zake. Muulize kama sauti yake imebadilika, kama kumeza kunamuuma, kama kichwa kinamsumbua tangu siku ile, kama aliona giza, alizimia au alijikojolea. Vuta kope la chini utafute vidoa vidogo vyekundu. Tazama kaakaa na nyuma ya masikio. Papasa shingo polepole ujue panapouma. Kukabwa kunaweza kuchana ukuta wa ndani wa mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo, damu ikaganda pale, na mwanamke kijana akapata kiharusi siku kadhaa baadaye, wakati watu wa nyumbani wameshasahau ugomvi. Mama wa namna hii hapewi Panadol akarudi nyumbani. Anapewa rufaa akaonwe na daktari panapoweza kupigwa picha, na kwenu hiyo ni safari ya Kisumu mjini, kwenye hospitali ya kaunti au ile ya Jaramogi Oginga Odinga ambayo watu bado wanaiita Russia.

Kuna sababu ya pili. Nancy Glass na wenzake walichapisha utafiti nchini Marekani mwaka 2008 ulioonyesha kuwa mwanamke anayepigwa ambaye amewahi kukabwa shingo na mwenzi wake yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuuawa baadaye, zaidi ya mara saba. Ndiyo maana nasema mama yako huyu si wa kusubiri tarehe yake ya mwezi ujao. Mpe tarehe ya karibu, wiki hii au ijayo, kwa sababu ya kliniki ambayo mume hatashangaa nayo: presha irudiwe kupimwa, mkojo urudiwe, majibu ya damu yachukuliwe.

Sasa faragha. Hapa ndipo wauguzi wengi wazuri wanapoharibu, si kwa ubaya, bali kwa haraka. Wanauliza kwa sauti ya chini huku mume yuko nyuma ya pazia, au mama mkwe ameketi kwenye benchi mlango ukiwa wazi. Mwanamke atasema "hapana" na usiku huo ataulizwa nyumbani kwa nini sista alimuuliza hivyo. Swali lililoulizwa mahali pabaya linaweza kumletea kipigo. Kama siku hiyo hakuna namna ya kumpata peke yake, usiulize.

Namna ya kumpata peke yake ipo, na haihitaji uongo. Wekeni utaratibu wa zahanati kwamba kila mama mjamzito huonwa peke yake kwa dakika chache, kisha mume anaingia. Bandikeni karatasi mlangoni inayosema hivyo. Najua vituo vingi vinawatanguliza kwenye foleni akina mama walioandamana na waume zao, na ni jambo zuri. Tunataka wanaume kliniki. Lakini utaratibu ukiwa wa wote, hakuna mume atakayeona kwamba yeye ndiye anayeshukiwa. Kupima tumbo kunatosha kuwa sababu. Mama kwenda chooni kutoa mkojo, ukamfuata na kikopo, kunatosha pia. Mwenzako anaweza kumwita mume kwenye rejista aandikishe nambari ya simu na kijiji huku wewe umebaki na mama ndani.

Na kama hamwelewani lugha, usimwite jirani wala shemeji atafsiri, na usimtumie mtoto. Mkalimani awe mhudumu wa afya, na awe mtu asiye wa ukoo wao. Mtoto mwenye zaidi ya miaka miwili asiwe chumbani pia, kwa kuwa atarudia nyumbani alichosikia.

Swali lenyewe liwe fupi. Mimi huwafundisha wauguzi waseme hivi: "Mama, alama kama hizi huwa naziona kwa akina mama waliopigwa. Kuna mtu aliyekuumiza?" Au, kama hakuna alama lakini roho yako haijatulia: "Tunajali usalama wa mama nyumbani kwa sababu unaigusa mimba. Kuna mtu unayemwogopa?" Halafu nyamaza. Ukimya huo ni mgumu kwa mtu mwenye foleni ya watu arobaini nje, lakini usiujaze. Usimuulize alimfanya nini mume wake. Usimuulize kwa nini haondoki. Maswali hayo mawili ameshaulizwa na watu wote wa nyumbani kwao, na yanampa jibu moja tu: kwamba kosa ni lake.

Akisema hapana, hapana yake iheshimu. Mwambie kwamba siku yoyote akitaka kuongea atakukuta, na kwamba yatakayosemwa hayatoki nje ya chumba hicho. Wako wanaosema hapana mara tatu kisha wakasema ndiyo wakiwa leba, saa nane za usiku, wakimshika muuguzi mkono. Kazi uliyoifanya siku ya kwanza haikupotea.

Akisema ndiyo, jambo la kwanza ni kumwambia maneno ambayo huenda hajawahi kuyasikia kwa mtu yeyote: "Nakuamini. Hili si kosa lako. Hustahili kupigwa." Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2013 na kitabu cha wahudumu kilichofuata mwaka 2014, limeuita huu kuwa msaada wa mstari wa kwanza: kusikiliza, kuuliza anachohitaji, kumthibitishia kwamba anaaminiwa, kuangalia usalama wake, kumuunganisha na msaada. Muuguzi wa zahanati ndogo anaweza kuyafanya yote matano bila dawa hata moja kabatini.

Usisahau mimba. Kama alipigwa tumboni au alisukumwa akaanguka, sikiliza mapigo ya mtoto, uliza kama anacheza, gusa kizazi uone kama ni kigumu na kinauma. Kondo la nyuma linaweza kubanduka na damu ikabaki ndani bila tone kuonekana nje, kwa hiyo kutokuona damu kusikutulize. Mama wa kundi la damu hasi anahitaji sindano ya Anti-D, inayozuia mwili wake usipambane na damu ya mtoto. Mama aliyepigwa tumboni ni wa ambulensi, si wa boda boda.

Kisha pima hatari. Wauguzi wengi hawajui kwamba kipimo cha hatari kinachotumika katika nchi nyingi kilitungwa na muuguzi mwenzetu, Jacquelyn Campbell wa Marekani, miaka ya 1980, akisaidiana na wanawake waliopigwa wenyewe. Huhitaji karatasi yake ili uulize yaliyo ya msingi. Kipigo kinazidi siku hizi? Amewahi kukukaba? Amewahi kukutishia kwa panga, au kusema atakuua? Anakulazimisha tendo la ndoa? Anakupiga ukiwa na mimba? Ana wivu wa kukufuatafuata na kukagua simu? Na swali ambalo mimi nalithamini kuliko mengine: wewe mwenyewe unaona anaweza kukuua? Mwanamke akisema ndiyo, mwamini. Akisema hapana, bado yahesabu yale mengine, maana wanawake wengi huipunguza hatari ya mtu wanayeishi naye.

Usimsukume aondoke siku hiyo. Wakati wa kuondoka, au wa kuachana, ndio mara nyingi hatari inapopanda. Rebecca Cheptegei, mkimbiaji wa Uganda aliyekuwa akiishi Endebess huko Trans Nzoia, alimwagiwa petroli na kuchomwa Septemba 2024, akafariki siku chache baadaye katika hospitali ya rufaa ya Moi mjini Eldoret. Mtu aliyetajwa kumchoma alikuwa mpenzi wake wa zamani, na familia ilieleza kuwa palikuwa na mzozo wa shamba. Kwa hiyo panga naye, usimpangie. Akilazimika kutoka usiku, atakimbilia kwa nani? Kitambulisho, kitabu cha kliniki na nguo chache za mtoto zinaweza kuwekwa kwa mtu gani anayemwamini? Nani anaweza kupiga kelele au kupiga simu akisikia fujo? Nambari 1195 ni ya bure, na hupokea simu za waathiriwa wa ukatili wa kijinsia kutoka kaunti zote. Aikariri kichwani au aihifadhi kwa jina jingine. Usimpe karatasi yenye maandishi ya aina hiyo, na usimpigie simu bila kumuuliza kwanza simu hiyo hushikwa na nani.

Umeniuliza utafanya nini na wewe si polisi. Kwa mama mtu mzima, uamuzi wa kwenda polisi ni wake. Wewe unamweleza njia zilizopo. Dawati la jinsia, linaloshughulikia kesi za ukatili wa kijinsia, lipo katika vituo vingi vya polisi. Akipiga ripoti atapewa nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, na fomu ya P3, ambayo mhudumu wa afya huijaza kueleza majeraha kwa ajili ya kesi, na P3 hailipiwi. Sheria ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015 inamruhusu kuomba mahakamani amri ya kumzuia mume asimguse wala kumsogelea, na mahakama inaweza kutoa amri ya muda kabla hata mume hajasikizwa. Sheria hiyo haihesabu ngumi peke yake. Inataja kunyimwa pesa za matumizi, vitisho, matusi, kufuatwafuatwa, wakwe kuingilia, mjane kurithiwa kwa lazima, mjane kutakaswa kwa mila. Sisi watu wa ziwa tunajua mambo hayo si ya vitabuni. Inataja pia ukatili wa kingono ndani ya ndoa. FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake, wana ofisi Kisumu na huwasaidia wasio na uwezo wa kulipa wakili. Wenzako wa Nakuru wana kituo cha waathiriwa katika hospitali yao kubwa ya kaunti.

Aliyebakwa ana haraka yake. Dawa za kuzuia HIV zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Kwa asiye na mimba, tembe za dharura za kuzuia mimba zitumike ndani ya siku tano. Aanze matibabu kwanza, polisi baadaye, na asirudishwe kwa sababu hana P3. Fomu ya PRC, yaani ile ya matibabu ya aliyebakwa, wewe muuguzi uliyesajiliwa unaruhusiwa kuijaza, kwa kanuni za mwaka 2012 zilizotungwa chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono.

Akiwa chini ya miaka 18 mambo yanabadilika. Hapo huna hiari ya kunyamaza. Afisa wa watoto na polisi wanaarifiwa, na nambari ya watoto ni 116. Msichana wa miaka 16 aliyeletwa kliniki na "mume" wake ni mtoto, hata kama ng'ombe wametolewa.

Nije kwa inchaji wenu. Sitamlaumu sana, maana hivyo ndivyo wengi tulivyolelewa kazini: funga kidonda, funga na mdomo. Lakini neno lake haliwezi kusimama. Katiba ya 2010, kifungu cha 29, inampa kila mtu haki ya kutofanyiwa ukatili, uwe umetoka kwa umma au kwa mtu binafsi. Na takwimu za Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 zinasema asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 wamefanyiwa ukatili wa mwili tangu wafikishe miaka 15, kaunti ya Bungoma ikiongoza. Kwa kliniki ya akina mama thelathini siku ya Jumanne, fanya hesabu mwenyewe. Mwendee inchaji kwa heshima, mkiwa wawili, na ombi la vitu vinavyoonekana: utaratibu wa kuona mama peke yake, kabati lenye kufuli, orodha ya nambari za rufaa ukutani mwa chumba cha wauguzi. Ni rahisi kwake kukubali kabati kuliko kukubali hoja.

Kuna jambo moja ambalo inchaji yuko sahihi, hata kama hakulisema hivyo. Wewe si mpatanishi. Usimwite mume umkanye. Usiwaketishe wote wawili muwasuluhishe. Usimtume mhudumu wa afya ya jamii kwa chifu bila ruhusa ya mama. Mume akikuuliza mlikuwa mkiongea nini, jibu ni moja: tulikuwa tunaongea habari za mimba. Mnaishi kijiji kimoja na watu hawa, mnakutana sokoni Ahero na kanisani, na siri ikitoka mara moja tu hakuna mwanamke mwingine atakayekuambia kitu. Hilo linahusu pia kijana wa usafi na karani wa rejista. Na wewe mwenyewe usibaki peke yako zahanati jioni ukiwa na kesi kama hii. Mwambie mwenzako uko na nani, bila kumweleza yasiyomhusu.

Suala la kuandika kwenye faili nimeliweka mwisho, na ndiko ninakotaka ukae zaidi, kwa sababu ndicho kitu ambacho hakuna mwingine atamfanyia mama huyu. Jirani anaweza kumficha, wakili anaweza kumsemea, lakini alama za mwili zinapotea, na wewe ndiye uliyeziona zikiwa mbichi.

Kwanza, usiandike chochote cha kupigwa kwenye kitabu cha mama na mtoto. Kitabu hicho kinalala nyumbani. Mume anakisoma, mama mkwe anakisoma. Andika kwenye faili ya zahanati, na faili iingie kabatini, isibaki mezani.

Pili, andika unachokiona, kwa vipimo. Nimesoma faili nyingi zilizoandikwa "majeraha madogo usoni, alianguka, amepewa dawa". Maneno hayo hayamsaidii mtu. Yanaweza hata kumsaidia aliyempiga. Linganisha na haya: "Uvimbe na damu iliyovilia chini ya jicho la kushoto, sentimita 4 kwa 2. Alama nne za mviringo upande wa nje wa mkono wa kulia juu ya kiwiko, kila moja kama sentimita 1.5, na moja upande wa ndani. Maumivu akiguswa pande zote mbili za shingo, sauti imekwaruza. Mama anasema: 'Jana usiku mume wangu alinishika mkono akanikaba nikaona giza.'" Yeyote atakayesoma ataona vidole. Wewe hukusema vidole, umeandika ulichokipima. Chora umbo la mtu, mbele na nyuma, uweke alama panapohusika. Kwenye ngozi nyeusi damu iliyovilia huonekana vibaya, basi tumia mwanga wa dirishani na uandike pia joto, uvimbe na maumivu ulivyovigusa. Usikadirie umri wa jeraha kwa rangi yake. Wakili wa upande wa pili atakushika hapo, na atakuwa na haki, maana rangi haisemi kwa uhakika jeraha lina siku ngapi. Andika tu kama zipo alama mbichi na zilizoanza kupona kwa pamoja.

Maneno yake yaandike kama alivyoyasema, kwa lugha aliyoyasema. Kama ni Dholuo, andika Dholuo, kisha Kiswahili chini yake. Akisema aligongwa na mlango na wewe unaona alama ambazo mlango hauwezi kuziweka, andika yote mawili: alivyoeleza, na kwamba jeraha haliendani na maelezo. Usimwandikie hadithi yako.

Tatu, tarehe, saa, jina lako kamili, nambari yako ya usajili, sahihi. Kesi za aina hii huchukua miaka. Wakati inasikizwa huenda umeshahamishwa, uko Lodwar au umeenda Uingereza kama wenzetu wengi, na mtu mwingine anayeujua mwandiko wako ndiye atakayesimama kizimbani kuitoa faili hiyo. Kwa hiyo andika polepole, kwa herufi zinazosomeka, siku hiyo hiyo kabla hujaita mama anayefuata kwenye foleni.